Mshikamano Wakati wa Mapatano: Mafunzo ya Korogwe na Handeni

Ni rahisi kumwunga mkono mpigania uhuru akiwa vitani. Adui anaonekana, mlio wa bunduki unasikika, na kila mpenda haki anajua asimame upande upi. Mtihani mgumu huja siku mpigania uhuru anapoitwa mezani. Siku hiyo yule yule aliyeitwa gaidi jana huwekewa kalamu na karatasi mbele yake, na dunia nzima humhimiza atie saini haraka. Je, rafiki zake waliokuwa wakimpa chakula, hifadhi na njia ya kupita wafanye nini wakati huo?

Katika vyama vya kimapinduzi duniani swali hili limeleta mabishano makali, na mara nyingi limezaa makosa ya aina mbili. Kosa la kwanza ni la wenye siasa kali za mdomo. Wao huyaona mazungumzo yote kuwa ni usaliti, na hudai vita viendelee hadi mwisho, ilhali watakaokufa si wao. Kosa la pili ni la waliochoka. Wao wakisikia neno amani hushusha pumzi na kufunga milango, na mkimbizi aliyekuwa ndugu jana hugeuka kuwa mzigo wa kurudishwa kwao. Makosa haya mawili yana mzizi mmoja: kuyatazama mapatano kama tendo la saini, badala ya kuyatazama kama hatua moja katika mapambano ya watu fulani, wenye adui fulani, katika wakati fulani.

Tunataka kulichambua jambo hili kwa kutumia historia ya wilaya mbili za Mkoa wa Tanga, yaani Korogwe na Handeni. Wilaya hizi hazitajwi sana katika habari za ukombozi wa Afrika. Watu hutaja Kongwa, Nachingwea, Mgagao na Mazimbu. Lakini Korogwe na Handeni zina somo lao, na somo hilo linahusu hasa wakati ule mgumu ambapo vita na mazungumzo vinakwenda pamoja.

KOROGWE: MSHIKAMANO ULIOOTA KATIKA MKONGE

Mshikamano wa Watanzania na watu wa Msumbiji haukuanzia katika hotuba. Korogwe ulianzia katika mistari ya mkonge. Zao hilo lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na reli iliyotoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Kandokando ya reli hiyo yakatokea mashamba makubwa: Hale, Ngombezi, Magunga, Mazinde na mengineyo.

Mashamba hayo yalihitaji watu. Wenyeji, yaani Wazigua, Wabondei na Wasambaa, walikuwa na mashamba yao ya chakula na hawakukubali kwa urahisi kuuza jasho lao kwa ujira mdogo. Kwa hiyo wakoloni walitafuta nguvu kazi mbali. Sehemu nzima za nchi ziliachwa bila zao la biashara ili vijana wake wasiwe na njia ya kupata fedha ya kodi isipokuwa kusafiri kwenda kukata mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Waliletwa watu kutoka Kigoma na Songea, kutoka Ruanda-Urundi, na kutoka Msumbiji. Mtu aliandikwa, akapewa namba, na tangu hapo akaitwa manamba. Alipewa kipande cha siku thelathini, na siku ambayo hakumaliza kazi aliyopangiwa haikuhesabiwa.

Katika kambi za manamba Mmakonde wa Msumbiji alilala jirani na Muha wa Kigoma na Mngoni wa Songea. Nyapara alikuwa mmoja na fimbo yake ilikuwa moja. Mmakonde aliyekimbia kazi ya shokoa ya Wareno alikuta kwamba ubepari wa Kiingereza nao ulitaka mgongo wake, ila ulimlipa kidogo. Muha na Mngoni nao walijifunza kutoka kwake jinsi ukoloni wa Kireno ulivyokuwa. Hivyo mpaka wa Ruvuma, uliochorwa na mabeberu kwa manufaa yao, ulianza kufutika katika fikra za wafanyakazi kabla haujafutwa na siasa yoyote. Mgomo mrefu wa Mazinde wa mwaka 1958 ulionyesha jinsi umoja huo ulivyokomaa.

Tarehe 16 Juni 1960 Wareno waliwapiga risasi wananchi waliokusanyika Mueda, katika nchi ya Wamakonde. Habari hizo hazikuwa habari za mbali kwa watu wa mkonge, kwa maana waliopigwa walikuwa jamaa zao. Miongoni mwa Wamsumbiji waliokuwa wakifanya kazi Tanganyika na Kenya kikatokea chama cha MANU. Tarehe 25 Juni 1962 MANU, UDENAMO na UNAMI viliungana Dar es Salaam na kuunda FRELIMO. Yafaa ieleweke, basi, kwamba mmoja wa mizizi ya FRELIMO uliota katika udongo wa mashamba yetu. Tanzania ilipoipa FRELIMO kambi na shule, ilikuwa inaendeleza jambo ambalo makabwela walikuwa wamekwisha kulianza wenyewe.

Wala mshikamano huo haukutolewa na watu walioshiba. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha mkonge unaofikia tani 230,000 hivi. Baada ya hapo bei ya dunia ikaanguka, kamba za nailoni zikachukua soko, na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Mashamba mengi yaliingia mikononi mwa umma mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, lakini soko lilibaki mikononi mwa wengine. Miaka ya 1973 hadi 1975 ukame ulileta upungufu mkubwa wa chakula nchini. Ni katika miaka hiyo hiyo ndipo mazungumzo ya Msumbiji yalipofika.

LUSAKA 1974: NANI HUAMUA WAKATI WA KUWEKA SILAHA CHINI?

Tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi wa Ureno, waliochoshwa na vita vya Afrika, waliipindua serikali ya Marcelo Caetano. Jenerali Spínola alipoongoza serikali mpya, alitaka mapigano yasimame kwanza, kisha watu wa makoloni waulizwe kama wanataka kubaki katika jumuiya moja na Ureno. Pendekezo hilo lilivutia wengi. Magazeti ya Ulaya yalianza kuuliza: kama ufashisti umekwisha Lisbon, FRELIMO inapigania nini tena?

Mwezi Juni 1974 Samora Machel na Mário Soares walikutana Lusaka. Msimamo wa FRELIMO ulikuwa wazi. Uhuru haupigiwi kura na mwenye kuutwaa, unatambuliwa. Bila Ureno kukubali haki ya watu wa Msumbiji kujitawala, na bila kukubali kwamba FRELIMO ndiyo itakayokabidhiwa madaraka, kusimamisha vita kungekuwa kumpa adui nafasi ya kujipanga upya. Mazungumzo yakaahirishwa, na mapigano yakaenea hadi Zambezia.

Tanzania ilifanya nini katika miezi hiyo? Haikuiambia FRELIMO ikubali upesi ili mpaka wetu wa kusini upate utulivu. Wala haikuiambia ikatae kila kitu ili sisi tupate sifa ya ukali. Iliacha njia wazi, ikaacha kambi wazi, na ikatoa Dar es Salaam iwe mahali pa mazungumzo ya siri kati ya FRELIMO na wajumbe wa Ureno. Uamuzi ulibaki kwa waliokuwa wakifa. Tarehe 7 Septemba 1974 Mkataba wa Lusaka ulitiwa saini. Siku ya uhuru ilipangwa kuwa tarehe 25 Juni 1975, na serikali ya mpito iliyoongozwa na Joaquim Chissano ikaanza kazi mwezi huo huo wa Septemba. Walowezi walioteka kituo cha redio cha Lourenço Marques ili kuyavuruga mapatano hayo walishindwa baada ya siku chache.

Hapa tunaona mapatano yaliyofanikiwa, na sababu zake zinaweza kutajwa. Waliopigana ndio waliokaa mezani. Chanzo cha vita, yaani utawala wa kigeni, ndicho kilichozungumzwa. Na rafiki wa nje alikuwa nguzo ya nyuma bila kujifanya kiongozi. Lakini si mapatano yote yaliyo hivyo, na kwa hilo hatuna budi kuvuka kutoka Korogwe hadi Handeni, na kurudi nyuma miaka miwili.

HANDENI 1972: WAPIGANAJI WALIOONDOLEWA NA AMANI

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin aliipindua serikali ya Uganda wakati Rais Milton Obote akiwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola. Tanzania ilikataa kuutambua utawala huo, na Obote akapewa hifadhi Dar es Salaam. Mwezi uliofuata TANU ilitoa Mwongozo wake, ambao ulichukua mapinduzi ya Uganda pamoja na uvamizi wa Wareno huko Guinea mwaka 1970 kuwa onyo kwa kila nchi ya Afrika inayotaka kujitawala kweli. Tangu hapo Mamlaka ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani kikao cha marais watatu, haikukutana tena.

Askari na wafuasi wa Obote waliokimbia walipata kambi kusini mwa Sudani, mahali panapoitwa Owiny Ki-Bul. Sudani iliwapokea kwa sababu zake. Serikali ya Khartoum ilikuwa ikipigana na Anyanya kusini, na Anyanya walipata msaada wa Waisraeli kupitia Uganda. Kwa hiyo adui wa Amin alikuwa mgeni mwema Khartoum.

Tarehe 27 Februari 1972 Sudani na wapiganaji wa kusini walipatana Addis Ababa. Tusidharau mapatano hayo. Yalisimamisha vita vilivyoanza mwaka 1955, na yaliwapa watu wa kusini serikali yao ya ndani kwa miaka kumi na moja, hadi Nimeiri alipoivunja mwaka 1983. Karibu na wakati huo huo Amin aliwafukuza Waisraeli. Sababu ya ugomvi kati ya Khartoum na Kampala ikawa imeondoka, na pamoja nayo ikaondoka sababu ya Khartoum kuwahifadhi Waganda. Amani ya watu wa Juba ikawa safari ya pili ya ukimbizi kwa watu wa Owiny Ki-Bul. Hawakuwa mezani Addis Ababa, wala hakuna aliyewasemea pale.

Katikati ya mwaka 1972 wapiganaji hao walisafirishwa kwa bahari kutoka Port Sudan hadi Tanga, na kutoka Tanga wakapelekwa kambini Handeni. Wakati huo wilaya ya Handeni ilikuwa kubwa kuliko ilivyo leo, kwa kuwa Kilindi ilikuwa bado sehemu yake. Ni nchi ya miombo na nyika, yenye watu wachache kwa eneo, na mvua zake si za kutegemewa. Njaa imewapiga Wazigua mara nyingi katika historia yao. Kwa mpangaji wa vita palikuwa mahali pazuri, mbali na mpaka na mbali na macho. Kwa wananchi ilikuwa wilaya iliyokuwa bado inajitafutia chakula na maji, na sasa ilibeba pia siri ya taifa.

Hapa tunaona tofauti kati ya mshikamano wa serikali moja na wa nyingine. Khartoum ilimhifadhi mkimbizi kwa kuwa alikuwa adui wa adui yake. Uadui ulipokwisha, hifadhi ikaisha. Dar es Salaam ilimpokea mkimbizi yule yule kwa msingi mwingine, kwamba serikali iliyowekwa na risasi na kuendelea kuua raia wake haiwezi kuhalalishwa kwa sababu tu imekwisha kukaa madarakani. Hifadhi yenye msingi wa kanuni huvumilia zaidi kuliko hifadhi yenye msingi wa ugomvi.

SEPTEMBA 1972 NA MAPATANO YA MOGADISHU

Kanuni njema, hata hivyo, haitoshi kushinda vita. Tarehe 17 Septemba 1972 wapiganaji zaidi ya elfu moja waliingia Uganda kupitia Mutukula, kundi moja likielekea Masaka na jingine Mbarara. Mpango ulitaka pia kikosi kingine kifike Entebbe kwa ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lakini ndege hiyo iliishia Kilimanjaro baada ya kupasuka matairi. Wananchi wa Uganda, ambao ilitegemewa wangeinuka, hawakuinuka. Katika siku chache uvamizi ulishindwa. Ndege za Amin zilitupa mabomu Bukoba, na Libya ikampelekea Amin askari.

Malipo makubwa yalilipwa na watu waliokuwa ndani ya Uganda. Amin aliutumia uvamizi huo kuwasaka wote aliowashuku. Tarehe 21 Septemba Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa na hakuonekana tena. Wengi wasio na jina kubwa walipotea namna hiyo hiyo.

Kwa nini mpango ulishindwa? Yako mambo ya kiufundi, kama ndege na usafiri. Lakini sababu kubwa ni ya kisiasa. Jeshi liliingia kabla siasa haijaingia. Hakukuwa na mashina ya kutosha vijijini, wala hakukuwa na umoja kati ya wafuasi wa Obote na vijana wengine wa Uganda waliompinga Amin bila kumtaka Obote. Mkulima wa Masaka aliyekuwa na malalamiko yake dhidi ya serikali ya zamani hakuona sababu ya kufia kurudi kwake. Tukisema mshikamano, basi, ni lazima tuulize: mshikamano na nani? Na kiongozi aliyepinduliwa, au na umma unaoonewa? Mwaka 1972 jibu la swali hili lilikuwa halijakamilika.

Kisha yakaja mazungumzo. Somalia ilisuluhisha, na tarehe 5 Oktoba 1972 mawaziri wa mambo ya nchi za nje wa Tanzania na Uganda walitia saini Mogadishu. Kila nchi ilikubali kurudisha majeshi yake kilometa 10 kutoka mpakani, kuacha propaganda dhidi ya nyingine, na kutoruhusu ardhi yake itumike kushambulia nyingine. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, katika mji huo huo, viongozi wa nchi za Afrika ya Mashariki na Kati walikuwa wametamka kwamba silaha ndiyo njia ya kuikomboa Afrika ya kusini. Historia ina vituko vyake.

Mapatano ya Mogadishu yalikuwa na kasoro moja kubwa. Yalizungumza habari za serikali mbili na mpaka wao, na hayakugusa hata kidogo chanzo cha vita, yaani jinsi watu wa Uganda walivyotawaliwa. Waganda wenyewe hawakuwa na kiti. Kwa upande mwingine, yalizuia vita kati ya mataifa mawili wakati ambapo Tanzania haikuwa tayari kwa vita hivyo, na wakati ambapo kusini mapambano ya Msumbiji yalihitaji nguvu zetu zote. Kuyakataa kungekuwa kosa la kwanza tulilolitaja. Kuyapokea kama ndiyo amani yenyewe kungekuwa kosa la pili.

Tanzania ilipita katikati. Iliheshimu saini yake, na wapiganaji hawakuruhusiwa tena kushambulia kutoka katika ardhi yetu. Wengi walipelekwa Tabora, wakawa wakulima wa tumbaku. Lakini hawakukabidhiwa kwa Amin, na hifadhi ya Obote haikuondolewa. Mwaka 1975 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipofanya mkutano wake Kampala chini ya uenyekiti wa Amin, Tanzania, Zambia na Botswana hazikuhudhuria. Mtu anaweza kuweka bunduki chini bila kuiweka chini kauli yake.

KUTOKA KAGERA HADI MOSHI

Mapatano ambayo hayagusi chanzo cha vita huahirisha vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia katika mkoa wetu wa Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera, na Amin akatangaza kwamba eneo la kaskazini ya mto Kagera ni mali yake. Saini ya Mogadishu ilivunjwa na yeye. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilieleza taifa kwamba sababu, uwezo na nia ya kumpiga mvamizi tunavyo. Askari wa Jeshi la Wananchi na vijana wa mgambo kutoka pande zote za nchi walikwenda mstari wa mbele, na pamoja nao Waganda ambao miaka sita waliishi kwa kulima na kungoja.

Safari hii somo la 1972 lilizingatiwa. Tarehe 24 hadi 26 Machi 1979, wakati vita vinaendelea, makundi ya Waganda zaidi ya ishirini yalikutana Moshi, kwenye reli ile ile ipitayo Korogwe. Wafuasi wa Obote walikuwamo, vijana wa FRONASA wa Yoweri Museveni walikuwamo, na wengine wengi. Wakaunda umoja wa ukombozi wao na kumchagua Yusuf Lule kuuongoza. Tarehe 11 Aprili Kampala ikakombolewa.

Lakini umoja uliojengwa kwa siku tatu haukuweza kubeba mzigo wa miaka minane. Lule aliondolewa mwezi Juni, Godfrey Binaisa akaondolewa mwaka uliofuata, na uchaguzi wa Desemba 1980 uliomrudisha Obote ulipingwa na wengi. Vita vikaanza upya. Hata mapatano ya Nairobi ya tarehe 17 Desemba 1985, kati ya serikali ya Tito Okello na wapiganaji wa Museveni, hayakudumu wiki sita. Kampala ilitekwa Januari 1986. Wengi waliopigana pande zote mbili za vita hivyo walikuwa wametoka katika kambi moja ya ukimbizi. Rafiki wa nje anaweza kusaidia kumwondoa dikteta. Kuujenga umoja wa taifa ni kazi ya wenyewe.

ZIMBABWE NA AYALANDI

Si Tanzania peke yake iliyopambana na swali hili. Mwaka 1979, katika mazungumzo ya Lancaster House kuhusu Zimbabwe, nchi za mstari wa mbele zilizoongozwa na Mwalimu ziliwahimiza viongozi wa Patriotic Front wavumilie na wakubali, ingawa katiba iliwafunga mikono kwa miaka kumi kuhusu ardhi ya walowezi. Zimbabwe ilipata uhuru Aprili 1980. Suala la ardhi lilibaki, na lililipuka miaka ishirini baadaye. Rafiki ana haki ya kushauri, hata kwa nguvu. Lakini jambo lililoachwa bila kutatuliwa haliachi kudai haki yake.

Ayalandi ilionja machungu hayo mapema zaidi. Mkataba wa tarehe 6 Desemba 1921 uliipa sehemu kubwa ya kisiwa serikali yake, ukaziacha wilaya sita za kaskazini chini ya Uingereza. Wapigania jamhuri waligawanyika, na kati ya Juni 1922 na Mei 1923 waliuana wenyewe kwa wenyewe. Mwishoni mwa karne hiyo, baada ya vita vya miaka thelathini kaskazini, mapatano mengine yalifikiwa tarehe 10 Aprili 1998, na wananchi wa pande zote mbili za mpaka wakayapigia kura mwezi Mei. Kati ya wanamrengo wa kushoto wa Ulaya waliokuwa wakiwaunga mkono wapigania jamhuri, wako waliosema kwamba huo ni usaliti wa jamhuri. Wako waliosema kwamba uamuzi ni wa watu walioishi na askari mitaani kwao na kuzika watoto wao.

Mwaka 2000 Cyril Ramaphosa wa ANC alikuwa mmoja wa wakaguzi wawili, pamoja na Martti Ahtisaari wa Finland, waliothibitisha kwamba maghala ya silaha ya IRA yamefungwa na hayatumiki. Mwaka 2005 jeshi hilo lilitangaza mwisho wa vita vyake. Tunaona maana katika jambo hilo. Chama kilichowahi kuishi uhamishoni Morogoro, na kilichojua maana ya kuzungumza huku silaha ziko mkononi, hakikwenda Ayalandi kuwapigia makofi wapiganaji wala kuwakaripia. Kilikwenda kuwa shahidi wa neno lao.

WAGENI WENGINE WA HANDENI

Handeni ililipata somo hili mara ya pili, kwa sura nyingine. Katika karne ya 19 njaa na biashara ya watumwa viliwatoa Wazigua wengi kwao, wakauzwa hadi bonde la mto Juba huko Somalia. Huko walijikomboa, wakalima, na vizazi vyao vikaendelea kusema Kizigua. Dola ya Somalia, ile iliyosuluhisha Tanzania na Uganda mwaka 1972, ilipoanguka Januari 1991, wakulima hao waliporwa na kuuawa na makundi yenye silaha. Wengine walisafiri kwa bahari hadi Tanga, wakapelekwa Handeni, kwanza Mkuyu na baadaye Chogo, katika nchi ambayo mababu zao waliitoka. Wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania.

Mikutano mingi ya amani ya Somalia ilifanyika katika miaka hiyo. Ule wa Arta, Djibouti, mwaka 2000, uligawa viti kwa mizani ya koo nne kubwa na nusu. Ile nusu ndiyo waliyowekwa wakulima wa Juba pamoja na jamii nyingine ndogo zote. Mtu aliyehesabiwa nusu mezani hawezi kuambiwa kwamba amani imekwisha kupatikana na sasa arudi kwao.

MAFUNZO

Kutokana na historia hii tunaweza kutaja mambo manne.

Kwanza, mapatano yapimwe kwa maswali, yasipimwe kwa shangwe. Nani yuko mezani? Chanzo cha vita kimeguswa au kimerukwa? Baada ya saini, mnyonge atapata nini: ardhi, usalama, kauli? Lusaka 1974 ilijibu vizuri maswali mawili ya kwanza. Mogadishu 1972 haikuyajibu. Addis Ababa 1972 iliwajibu watu wa Sudani ya kusini na kuwasahau Waganda.

Pili, uamuzi wa kupigana au kupatana ni wa wale wanaobeba mapambano. Anayeunga mkono kutoka mbali hana haki ya kuagiza vita asivyopigana, wala ya kuuza amani isiyokuwa yake.

Tatu, kuheshimu saini na kumlinda mkimbizi ni mambo yanayoweza kwenda pamoja. Kati ya 1972 na 1978 Tanzania iliyafanya yote mawili. Taifa linalovunja neno lake litakosa kuaminiwa mezani, na taifa linalomkabidhi mgeni wake kwa mwuaji halina neno la kuvunja.

Nne, mshikamano wa kudumu ni ule wa umma kwa umma. Ule wa Khartoum uliisha siku ugomvi ulipoisha. Ule wa kambi za manamba Korogwe ulianza kabla ya FRELIMO kuwa na jina, kwa sababu watu walikuwa wameikata mistari ya mkonge pamoja na kuonja fimbo moja.

Majirani zetu wengi leo bado wako kati ya vita na mazungumzo, na wakimbizi wao wako katika ardhi yetu. Kila mara habari zinapofika kwamba mapatano yametiwa saini mahali fulani, kutakuwa na watakaosema basi, waondoke. Kabla hatujasema hivyo, na tuwaulize wenyewe kama jina lao limo katika karatasi hiyo.